Shibe Peke Yake Haimtoshi Mwanafunzi

Katika miongo ya karibuni, chakula cha mchana shuleni kimepata nafasi kubwa katika mipango ya serikali za Afrika Mashariki. Kenya ilianza mpango wake mwaka 1980, ikishirikiana na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP). Mwaka 2009 ikaanza kununua chakula hicho humo humo nchini, na kufikia mwaka 2018 serikali ilikuwa imebeba jukumu lote. Mwaka 2021 Rwanda ilipanua mpango wake ili kila mwanafunzi, tangu awali hadi sekondari, apate mlo shuleni. Tanzania, mwaka huo huo, ilizindua mwongozo wa kitaifa wa huduma ya chakula na lishe kwa wanafunzi wa elimumsingi, unaowataka wazazi, shule na serikali za mitaa wasaidiane ili mtoto asishinde na njaa. Duniani kote, kwa hesabu ya WFP ya mwaka 2024, watoto wapatao milioni 466 wanakula shuleni. Haya ni mafanikio ya kweli, na kila mzazi aliyewahi kuchangia hata kilo moja ya mahindi ana sehemu yake katika mafanikio hayo.

Tatizo ni kwamba takwimu hizi zinahesabu watoto waliokula, hazituambii walikula nini. Mtoto aliyekunywa kikombe cha uji wa sembe na sukari, na mwenzake aliyekula wali kwa choroko, mchicha na kipande cha papai, wote wanaandikwa kuwa wamepata chakula. Tumbo la kila mmoja limetulia, lakini damu, mifupa na ubongo wao havikupewa kitu kimoja. Hoja ya makala haya ni kwamba wakati umefika wa kuyapima mafanikio ya chakula cha shule kwa kilichomo sufuriani, na kwamba kazi hii haihitaji kungoja nchi zetu zitajirike. Kwa shule nyingi, umbali uliopo kati ya chakula cha kushibisha na chakula cha kujenga mwili ni wa gramu chache kwa kila mtoto: maharage kuongezwa kidogo, dagaa, mboga za majani, tunda la msimu, na unga ambao haukuondolewa ubora wake mashineni.

Kilichomo na kisichokuwamo

Ni haki kuanza kwa kusema kwamba vyakula vyetu vya shule vina msingi mzuri. Makande ya Tanzania, githeri ya Kenya, ugali au posho kwa maharage vinachanganya nafaka na mikunde, na mchanganyiko huo una sababu. Protini hujengwa kwa viungo vidogo viitwavyo amino asidi. Mahindi yana upungufu wa amino asidi mbili ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, lisini na triptofani, ilhali maharage yana lisini kwa wingi. Vinapoliwa pamoja, maharage huziba pengo la mahindi, na mtoto anapata protini bora kuliko ambayo angeipata kwa kimoja peke yake. Faida hiyo, hata hivyo, hutegemea uwiano. Maharage kwa kawaida huuzwa ghali zaidi ya mahindi, mara nyingi kwa bei ya mara mbili au zaidi, kwa hiyo michango inapolegea kitu cha kwanza kupunguzwa ni maharage. Sufuria huendelea kuitwa ya makande hata pale maharage yamebaki ya kutafuta kwa kijiko, na ugali huandikwa kuwa wa maharage wakati mtoto amemwagiwa mchuzi wenye punje za kuhesabika.

Kasoro ya pili huanzia mashineni. Punje ya mahindi ina ganda la nje, kiini, na sehemu kubwa ya wanga. Mahindi yanapokobolewa ili kupata sembe nyeupe, ganda na kiini huondolewa, na humo ndimo yalimo mafuta ya punje pamoja na sehemu kubwa ya vitamini za kundi B, madini chuma na zinki. Pumba hizo hupelekwa kwa kuku na ng'ombe, wanafunzi wakabakiwa na wanga. Uji wa unga huo ukitiwa sukari hutoa nguvu ya saa chache, nao ni bora kuliko kukaa na njaa, lakini kwa mtoto anayekua ni mchango mdogo mno.

Kasoro ya tatu ni vile vitu ambavyo havipo kabisa. Vitamini A, inayolinda macho na kinga ya mwili, tunaipata katika mboga za kijani kilichokolea, na katika papai, embe, karoti na viazi vitamu vya rangi ya chungwa, na mwili huhitaji mafuta kidogo ili kuifyonza. Vitamini B12, ambayo damu na mishipa ya fahamu huitegemea, haipatikani katika mahindi, maharage wala mboga. Huja kwa nyama, samaki, mayai na maziwa. Kalsiamu ya mifupa ni haba katika nafaka. Hata madini chuma, ambayo maharage yanayo, hayafyonzwi vizuri, kwa sababu mahindi na maharage yana kemikali iitwayo faiteti inayoyashika madini hayo, pamoja na zinki, na kuyapitisha tumboni bila kuingia mwilini. Ndiyo maana shule inaweza kupika kila siku bila kukosa, na bado ikawa na watoto wenye upungufu wa damu.

Ukubwa wa jambo hili unaonekana katika utafiti wa kitaifa wa afya uliofanyika Tanzania mwaka 2022. Asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, na asilimia 42 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu. Watoto hao waliodumaa ndio wanaopokelewa darasa la awali na la kwanza kila Januari, na wasichana wa kidato cha tatu na cha nne wamo ndani ya kundi hilo la pili. Mwanafunzi mwenye upungufu wa damu huchoka upesi, husinzia, na hushindwa kuweka akili yake kwenye jambo moja kwa muda mrefu. Ni rahisi mwalimu kuiona hali hiyo na kuiita uvivu.

Ushahidi kutoka Embu

Mtu makini atauliza kama kubadili kilichomo sufuriani kunambadilisha mtoto kweli, au ni nadharia tu ya wataalamu wa lishe. Jibu zuri kuliko yote lilipatikana hapa hapa kwetu, kwa kutumia githeri. Mwaka 1998, watafiti wakiongozwa na Charlotte Neumann wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, pamoja na Nimrod Bwibo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walianza jaribio katika shule za msingi 12 za Embu, Kenya. Watoto wa darasa la kwanza walifuatiliwa kwa takriban miaka miwili. Shule ziligawanywa kwa kura katika makundi manne. Kundi la kwanza lilipewa githeri yenye nyama ya ng'ombe ya kusaga. La pili lilipewa githeri na bilauri ya maziwa. La tatu lilipewa githeri iliyoongezwa mafuta, ili nguvu inayotolewa na mlo huo ilingane na ile ya makundi mawili ya kwanza. Kundi la nne halikulishwa, na familia zake zilipewa mbuzi wa maziwa utafiti ulipomalizika.

Uzuri wa mpangilio huo ni kwamba makundi matatu yalipata kiasi kile kile cha nguvu, ikimaanisha kwamba yalishiba kwa kiwango kinachokaribiana. Kama shibe ndiyo kila kitu, watoto wa makundi hayo wangepiga hatua sawa. Kwa uzito, walikaribiana kweli: wote waliolishwa waliongezeka kuliko wale wasiolishwa. Katika mambo mengine walitofautiana. Watoto waliokula githeri yenye nyama walijenga misuli zaidi, walifanya vizuri zaidi katika jaribio la kufikiri kwa kutumia maumbo, na alama zao za mitihani ya shule zilipanda kuliko za wenzao. Kwenye uwanja wa michezo walionekana wachangamfu zaidi na wepesi wa kuanzisha na kuongoza michezo. Kwa upande wa maziwa, watoto wadogo zaidi na wale waliokuwa wamedumaa waliongezeka urefu kuliko wenzao. Kiwango cha vitamini B12 katika damu kiliimarika kwa makundi ya nyama na maziwa. Watoto wa githeri ya mafuta, walioshiba kama wenzao, hawakupata faida hizo kwa kiwango kile.

Utafiti huo pia unatufundisha kutotarajia miujiza. Maziwa hayakuwapa watoto nafuu katika jaribio la kufikiri, na hali ya madini chuma mwilini haikubadilika sana hata kwa waliokula nyama, katika mazingira yenye malaria na maambukizi mengine. Hakuna chakula kimoja kinachotibu kila upungufu, na chakula bora hupoteza faida yake katika mwili unaoshambuliwa na magonjwa. Tafiti zilizofanyika Pemba katika miaka ya 1990 zilionyesha kwamba minyoo ya safura, inayonyonya damu kwenye utumbo, ilikuwa chanzo kikubwa cha upungufu wa damu kwa wanafunzi wa kisiwa hicho. Kumlisha mtoto chuma huku safura wakimnyonya ni kazi isiyokwisha, kwa hiyo dawa za minyoo, vyoo, maji safi na sabuni vinapaswa kuhesabiwa kuwa sehemu ya mpango wa chakula.

Kuna ushahidi mwingine unaoonyesha kwamba hata zao lenyewe linaweza kuboreshwa kabla halijafika jikoni. Huko Huye, Rwanda, wanafunzi wa kike wa chuo kikuu waliokuwa na upungufu wa madini chuma walikula maharage kila siku kwa siku 128. Nusu yao walipewa mbegu ya kawaida, na nusu mbegu iliyozalishwa ili iwe na chuma zaidi. Waliokula maharage yenye chuma kingi waliimarika damu kuliko wenzao, na vipimo vya kumbukumbu na usikivu vilionyesha maendeleo. Viazi lishe, yaani viazi vitamu vya rangi ya chungwa vyenye vitamini A, vilienezwa Afrika kwa kazi iliyowapa Robert Mwanga wa Uganda na wenzake Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016. Mbegu hizi zinalimwa katika udongo wetu na hupikwa kama zile tulizozizoea.

Pingamizi zinazostahili jibu

Pingamizi la kwanza ni fedha, nalo ni zito. Mkuu wa shule ambaye nusu ya wazazi hawajaleta mahindi atauliza ni wapi atapata nyama, na atakuwa sahihi: gramu 60 hadi 85 za nyama kwa mtoto kila siku, kama walivyopewa watoto wa Embu, haziwezekani kwa shule nyingi. Lakini virutubishi vilivyoifanya nyama kuwa na thamani, yaani B12, zinki, protini kamili na chuma kinachofyonzwa kwa urahisi, havipatikani buchani pekee. Dagaa wa Ziwa Victoria, Ziwa Tanganyika na Bahari ya Hindi wanavyo, na kwa kuwa huliwa na mifupa yao, huongeza na kalsiamu. Embu haikupima dagaa, kwa hiyo hakuna anayeweza kuahidi matokeo yale yale. Tunachoweza kusema ni kwamba dagaa wanaziba sehemu kubwa ya pengo lile lile kwa gharama ndogo zaidi. Inasikitisha kwamba sehemu kubwa ya dagaa wa Ziwa Victoria husagwa kuwa chakula cha mifugo huku shule za ukanda huo zikipika ugali kwa mchuzi mwepesi.

Tuchukue shule yenye wanafunzi 500. Kuongeza gramu 20 za maharage na gramu 10 za dagaa wakavu kwa kila mtoto ni kununua kilo 10 za maharage na kilo 5 za dagaa kwa siku. Nyongeza hiyo humpa kila mtoto takriban gramu 10 za protini, na mahindi yanaweza kupunguzwa kidogo bila mtoto kuondoka na njaa, jambo linalorudisha sehemu ya gharama. Kwa mwaka wenye siku 190 za masomo, maharage hayo ni magunia 19 ya kilo mia mia. Ni mzigo, lakini ni mzigo unaohesabika, ambao kijiji, halmashauri na shamba la shule vinaweza kugawana. Akiba nyingine imo jikoni. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha, maji yake yakamwagwa, huiva mapema, hula kuni au gesi kidogo, na hupungua ile faiteti inayozuia madini. Hapo shule inapata lishe zaidi kwa gharama pungufu, bila kungoja mfadhili.

Pingamizi la pili hutoka kwa wataalamu wenyewe. Udumavu, wanasema, hutokea zaidi katika siku 1,000 za kwanza, tangu mimba hadi mtoto atimize miaka miwili, kwa hiyo fedha ya lishe ipelekwe kwa wajawazito na wachanga. Ni kweli kwamba hakuna mlo wa shule unaoweza kulipa deni lote la siku hizo. Lakini ukuaji hauishii hapo. Mtafiti Donald Bundy na wenzake, katika kazi waliyoichapisha mwaka 2017, walieleza kwamba siku takriban 8,000 za mwanzo, hadi mtu afikie umri wa miaka ishirini na moja, zote zina mahitaji yake, na kwamba kipindi cha balehe huleta tena ukuaji wa kasi wa mwili na ubongo. Zaidi ya hapo, siku 1,000 za mtoto huanza ndani ya mwili wa mama. Msichana wa miaka kumi na mitano anayepoteza damu kila mwezi bila kurudishiwa madini chuma ataanza ujauzito wake, wakati wake utakapofika, akiwa tayari ana upungufu. Mlo wake wa shuleni leo ni maandalizi ya siku 1,000 za mtoto wake. Kuyatenga mambo haya mawili ni kukata mnyororo katikati.

Pingamizi la tatu husema kwamba kumlisha mtoto ni wajibu wa mzazi. Sheria ya Elimu ya Uganda ya mwaka 2008, kwa mfano, imeuweka wajibu huo waziwazi kwa wazazi. Hakuna anayetaka kumvua mzazi heshima hiyo. Lakini mzazi aliyekwenda shambani alfajiri, au aliyepanga bidhaa zake sokoni, hawezi kufika shuleni saa sita na sahani ya moto. Akimpa mtoto sarafu, zitaishia kwenye maandazi, barafu na vitafunwa vya kukaanga vinavyouzwa langoni. Sufuria ya pamoja ndiyo njia rahisi zaidi ya mzazi kutimiza wajibu wake, kwa sababu inanunua kwa jumla, inapika kwa moto mmoja, na inaweza kusimamiwa. Kinachohitaji uangalifu ni mtoto ambaye mzazi wake hakuchanga. Kumtoa kwenye foleni ili kumshinikiza mzazi ni kumwadhibu aliye mnyonge kuliko wote, na mara nyingi ndiye anayekihitaji chakula hicho zaidi.

Majirani wameonyesha kwamba inawezekana kumhusisha mzazi bila kumwaibisha mtoto. Nairobi, mpango wa Dishi na County ulioanza mwaka 2023 unapika katika majiko makubwa ya pamoja na kusambaza shuleni, na mzazi hulipa shilingi 5 za Kenya kwa mlo, gharama iliyobaki ikibebwa na kaunti na washirika. Shirika la Food4Education, lililoanzishwa na Wawira Njiru mwaka 2012 na ambalo linaendesha majiko hayo, hutumia bangili ya kielektroniki inayosoma malipo yaliyofanywa kwa simu, bila mtoto kushika fedha. Rwanda nayo ilipanga mzazi wa shule ya msingi achangie faranga 975 kwa muhula, serikali ikibeba sehemu kubwa iliyobaki. Mipango hii miwili inatofautiana kwa mengi, ila yote inakubali kwamba mchango mdogo unaolipwa na kila mtu una nguvu kuliko mchango mkubwa unaowashinda wengi.

Wapo pia wanaosema kwamba watoto hawatakula. Harufu ya dagaa itawachukiza, mboga wataziacha sahani zikirudi nazo. Hofu hii ina ukweli, na dawa yake iko mikononi mwa mpishi. Dagaa waliokaangwa kidogo, wakasagwa na kutiwa katika mchuzi wa maharage wenye nyanya na kitunguu, huliwa na wengi ambao wangemkataa dagaa mzima, na kwa watoto wadogo unga huo ni salama zaidi kwa sababu hauna mifupa ya kukwama kooni. Mboga za majani zikiwekwa mwishoni na kupikwa kwa dakika chache zikiwa na mafuta kidogo hubaki na rangi, ladha na sehemu kubwa ya vitamini. Mtoto hujifunza ladha mpya kwa kukutana nayo mara nyingi akiwa na wenzake, na shule ni mahali pazuri pa somo hilo.

Kipimo kinachoweza kusimamiwa

Nia njema bila kipimo huishia kwenye mabango. India, yenye mpango mkubwa kuliko yote duniani wa chakula cha shule, iliandika viwango vyake kwa gramu. Kwa kila mtoto wa madarasa ya chini ya msingi kwa siku: nafaka gramu 100, mikunde gramu 20, mboga gramu 50 na mafuta gramu 5, vikitoa angalau kalori 450 na protini gramu 12. Kwa madarasa ya juu viwango huongezeka hadi nafaka gramu 150, mikunde 30, mboga 75 na mafuta 7.5. Viwango hivyo si lazima viwe vyetu, na hata huko utekelezaji umekuwa na matatizo yake. Thamani yake ni kwamba mzazi, mwalimu au mkaguzi anaweza kuingia stoo na mizani akajua kama ahadi imetimizwa. Neno "chakula bora" halina mizani ya kulipimia.

Brazil ilitunga sheria mwaka 2009 iliyotaka angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za chakula cha shule zitumike kununua kutoka kwa wakulima wa kilimo cha familia. Kwetu, ambako wazazi wengi ni wakulima, funzo hilo linaingia moja kwa moja. Shule inayojua kwamba itahitaji magunia 19 ya ziada ya maharage inaweza kuwaambia wakulima wa kata yake kabla ya msimu wa kupanda, nao wakalima wakijua mnunuzi yupo. Mchango wa wazazi unaweza kupangwa kwa uwiano huo huo: kwa kila kilo tano za mahindi, kilo moja au zaidi ya maharage, badala ya kuacha kila mmoja alete kilicho rahisi kwake.

Kuhusu unga, shule itumie dona, yaani unga wa mahindi yasiyokobolewa, au unga uliorutubishwa kwa vitamini na madini, na chumvi yake iwe yenye madini joto. Dona hata hivyo ina sharti moja lisilofaa kupuuzwa. Mahindi yasiyokauka vizuri huota ukungu unaozalisha sumukuvu, nayo hukusanyika zaidi katika ganda na kiini, sehemu zile zile tunazotaka kuzihifadhi. Mwaka 2004, sumukuvu katika mahindi iliwapata watu 317 mashariki mwa Kenya, na 125 kati yao wakafariki. Kwa hiyo mahindi ya shule yaanikwe juu ya turubai, yakauke kabisa kabla ya kufungwa, yachambuliwe, na yahifadhiwe katika mifuko isiyopitisha hewa, juu ya vichanja, mbali na ukuta. Gunia lenye punje za ukungu likataliwe hata kama ni la mchango wa bure.

Kisha kuna mpishi. Mtu huyu, ambaye kwa kawaida ni mama wa kijijini anayelipwa kidogo na kupikia moshini, ana uwezo juu ya lishe ya wanafunzi kuliko ofisa yeyote. Yeye ndiye anayeamua kama maharage yalowekwe, mboga ziingie lini, mafuta yawe kiasi gani. Akifundishwa kwamba pera, chungwa au ndimu pamoja na mlo husaidia mwili kufyonza chuma cha maharage, na kwamba chai pamoja na mlo huo hukizuia, atakuwa amepewa maarifa yanayofanya kazi kila siku ya shule. Mafunzo hayo, malipo ya heshima na jiko lisilomjaza moshi viingizwe katika bajeti ya chakula tangu mwanzo.

Haya yote yanaweza kuanza kabla bajeti kubwa haijapitishwa. Mkutano wa kwanza wa wazazi katika muhula ujao unaweza kudai mambo matatu: orodha ya vyakula vya wiki nzima ikiwa na gramu za kila kitu kwa kila mtoto, ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, mwakilishi wa wazazi aruhusiwe kuingia stoo na jikoni na mizani wakati wowote, na mtoto yeyote asinyimwe sahani kwa kosa la mchango. Serikali kwa upande wake ziongeze swali moja katika taarifa zao za kila mwaka, ili pamoja na kutuambia watoto wangapi wamekula, zituambie wangapi wamekula mikunde, mboga, tunda na chakula cha asili ya wanyama, na mara ngapi kwa wiki. Kinachoandikwa katika taarifa ndicho kinachotengewa fedha. Watoto wetu wamekwisha kupata haki ya kutoshinda na njaa katika shule nyingi. Haki inayofuata ni ya kula kinachowawezesha kukua na kujifunza, na gharama yake, kama hesabu ilivyoonyesha, inaweza kubebwa.